Mkanda wa sidiria na alama zilizokatwa: filamu imesema kweli?

Mama Nasra wa Tanga ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Jumamosi usiku nilitazama na binti yangu wa miaka kumi na moja filamu ya Stick It, ile ya 2006, ya msichana mtukutu anayerudishwa kwenye jimnastiki kwa amri ya hakimu. Mle kuna mtoto anaruka vizuri, anatua wima hatikisiki, halafu majaji wanamkata alama eti mkanda wa sidiria umechungulia. Wenzake wanakasirika, wanagoma wote. Nasra alilia, kisha akaniuliza maswali nisiyoyaweza. Sheria hiyo ipo kweli? Mbona wao wanapata tisa na kitu, na Simone Biles kwenye Olimpiki anapata kumi na tano? Wachezaji wanaweza kugoma namna ile? Na swali langu mimi mzazi: akitaka kucheza, lazima avae vile?"

Marahaba, Mama Nasra. Mwambie Nasra kwamba wapo watu wazima waliolia kwa sababu ndogo kuliko ile, na wengine walikuwa na medali shingoni.

Kwanza nikiri, filamu hii naipenda, ijapokuwa hadithi yenyewe unaijua mwisho wake tangu dakika ya kumi. Naipenda kwa sababu wanaoruka mle ni wanajimnastiki wa kweli. Missy Peregrym, anayecheza kama Haley, alifanya mazoezi akaweza ya kwake, lakini palipokuwa pagumu aliingia Isabelle Severino, Mfaransa aliyechukua shaba ya dunia kwenye baa, kile kifaa cha vyuma viwili vya kuning'inia, mwaka 1996. Carly Patterson, bingwa wa Olimpiki wa Athens 2004, anaonekana mle. Nastia Liukin pia yumo, akiwa bado msichana mdogo. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Sasa mkanda. Sheria ipo, na wala si chumvi ya Hollywood. Kitabu cha kanuni za alama cha Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, FIG, kina ukurasa mzima wa mavazi. Mkanda wa begani wa leotadi, lile vazi la kubana la wanajimnastiki, usipungue upana wa sentimita mbili. Shingo ya mbele isishuke kupita nusu ya mfupa wa kifua, mgongoni isishuke kupita ncha ya chini ya mifupa ya bega. Hereni ziwe za pini ndogo tu. Bangili na mkufu acha nyumbani. Ukikosea vazi unakatwa 0.30. Mtoto wa kwenye filamu, Mina, anapewa 9.5 kwa mruko ambao kila aliyetazama anaona ni wa kumi, kwa hiyo watengenezaji wamekaza kidogo. Wamekaza tu, hawakuzua.

Ukisikia 0.30 unaweza kudhani ni vijisenti. Paris 2024, fainali ya sakafu, Rebeca Andrade wa Brazil alichukua dhahabu kwa 14.166 na Biles akapata fedha kwa 14.133. Tofauti ni 0.033. Mkanda mmoja ukichungulia umekula tofauti hiyo mara tisa.

Lakini kama unataka kuona mkanda wa sidiria wa kweli, uliowahi kuwanyang'anya watu medali, usitafute kwenye nguo. Nenda Seoul, 1988. Timu ya wasichana wa Marekani ilikuwa inawania shaba. Kelly Garrison-Steves alipanda baa, na kwa kupanda alitumia ubao wa springi. Ubao ule ukibaki pale chini ni hatari, mtu anaweza kuuangukia. Basi mchezaji wa akiba, Rhonda Faehn, akapanda jukwaani akauvuta, kazi ambayo hufanywa na mtu yeyote mwenye akili. Baada ya kuuondoa hakushuka. Alibaki pembeni ya jukwaa akimtazama mwenzake mpaka alipomaliza. Hakumgusa wala kumsaidia kwa lolote. Ofisa wa juu wa kamati ya ufundi, Ellen Berger, raia wa Ujerumani Mashariki, akafungua kanuni: mtu asiye mchezaji wa zamu haruhusiwi kukaa jukwaani. Timu ikakatwa 0.5. Mwisho wa mashindano Marekani ilikuwa ya nne, nyuma kwa 0.3. Aliyechukua shaba? Ujerumani Mashariki.

Hapo pana kila kitu ambacho filamu inalalamikia. Sheria ilikuwepo, imeandikwa. Aliyeitumia alikuwa na haki ya kuitumia. Na haikuwa na uhusiano wowote na jinsi msichana alivyocheza. Nimekaa meza ya majaji kwenye mashindano ya watoto, najua kishawishi chake: kosa la nguo au la kusimama ni rahisi kuliona na halibishaniwi, wakati magoti yaliyopinda kidogo hewani, kwa sekunde moja, unaweza kubishana nayo hadi jioni. Jaji aliyechoka hukimbilia kile kisichobishaniwa.

Miaka 35 baadaye, kwenye mashindano ya dunia ya Antwerp 2023, Biles aliruka mruko ambao hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuutua kwenye mashindano makubwa ya kimataifa: anaingia kwenye meza ya kurukia kinyumenyume, anapiga samasoti mbili, yaani anapinduka hewani mara mbili, miguu ikiwa imenyooka. Kocha wake Laurent Landi alisimama kwenye godoro la kutulia, tayari kumdaka kama angekosea akaangukia shingo. Wakajua fika watakatwa 0.5 kwa kusimama kwake, na wakakatwa. Wao walishapiga hesabu kwamba mruko una thamani ya kutosha kulipa faini hiyo na chenji ikabaki. Mwaka 1988 hesabu kama hiyo haikuwezekana, na sababu yake ndiyo jibu la swali la pili la Nasra.

Zamani dari ilikuwa kumi. Tangu Nadia Comăneci, mtoto wa miaka 14 kutoka Romania, apate 10 kule Montreal 1976 na ubao wa matokeo ukaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha kumi, dunia nzima ilijua kumi ni ukamilifu. Shida ya dari ni kwamba warefu wote wanainama sawasawa. Ukishafikisha ugumu unaotakiwa ili kuanzia kumi, kuongeza ugumu zaidi hakukuletei kitu ila hatari. Na kwa kuwa wote wanaanzia juu pale pale, mshindi anapatikana kwa kukata. Kwa nani ana kosa dogo zaidi. Ndiyo maana mkanda unakuwa mkubwa: mchezo wote umegeuka kuwa wa kutafuta madoa.

Mambo yaliharibika hadharani Athens 2004. Kwenye fainali ya wanaume ya vifaa vyote, Yang Tae-young wa Korea Kusini alihesabiwa ugumu wa kuanzia 9.9 kwenye baa sambamba badala ya 10. Kosa la majaji, wenyewe wakakiri, na FIG ikawasimamisha watatu. Lakini matokeo hayakubadilishwa: Paul Hamm wa Marekani akabaki na dhahabu, Yang na shaba yake, na mahakama ya michezo, CAS, ikakataa rufaa. Siku chache baadaye Mrusi Alexei Nemov alicheza baa ya juu kwa namna iliyowasimamisha watu, akapewa 9.725. Ukumbi ukazomea, ukakataa kunyamaza, mashindano yakasimama. Majaji wakapandisha hadi 9.762, zomeo likazidi. Ikabidi Nemov mwenyewe apande jukwaani kuwaomba watu watulie ili mwenzake acheze. Nikitazama mgomo wa kwenye filamu huwa nakumbuka ukumbi ule. Haikuwa wachezaji, ilikuwa umma, lakini neno lilikuwa moja: hatuzikubali alama zenu.

Baada ya Athens FIG ikavunja dari. Kanuni mpya ilianza kutumika 2006, mwaka ule ule filamu ilipotoka, tarehe 28 Aprili. Kwa hiyo Haley na wenzake wanapigania haki ndani ya mfumo ambao tayari ulikuwa umeshachimbiwa kaburi. Hilo huwa linanichekesha.

Mfumo wa sasa una mifuko miwili. Mfuko wa ugumu, D, unaanza sifuri na kupanda: kila mtindo una herufi, A ni 0.1, B ni 0.2, na kuendelea. Kwenye baa, boriti na sakafu wanahesabu mitindo minane migumu kuliko yote, wanaongeza mahitaji ya muundo na viunganishi. Hauna mwisho. Samasoti mbili zenye mizunguko mitatu ambayo Biles alianza kuipiga sakafuni 2019 ni J, yaani alama nzima kwa mtindo mmoja. Mfuko wa usafi, E, ndio ule ule wa kumi kushuka chini: kosa dogo 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, kuanguka 1.0. Wanajumlisha. Ukiona 15.700, kama ile aliyoipata Kaylia Nemour wa Algeria kwenye baa Paris, medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa bara letu na ikawa dhahabu, ujue ugumu ulikuwa zaidi ya saba na usafi zaidi ya nane. Faini za nguo, za kutoka nje ya mstari, za kocha kusimama pasipostahili, zinakatwa mwishoni, pembeni, na unaziona kwenye matokeo. Biles Paris alikanyaga nje ya zulia mara mbili kwenye ile fainali ya sakafu, 0.6 ikaondoka, na kila mtu aliweza kusoma kwa nini hakupata dhahabu.

Kumi haijafa kabisa. Vyuo vikuu vya Marekani bado vinaitumia. Ile video ya Katelyn Ohashi wa UCLA ya Januari 2019, akicheza huku anacheka, iliyozunguka kwenye simu za watu ambao hawajawahi kutazama jimnastiki maishani, ilipewa 10.

Je, haki imepatikana? Hapo ndipo namrudia Nastia Liukin. Beijing 2008, fainali ya baa, yeye na Mchina He Kexin walipata 16.725 wote wawili. Ugumu sawa, 7.7. Usafi sawa, 9.025. Mfumo mpya ulikuwa na njia ya kuvunja sare hata hapo, kwa kupekua makato ya jaji mmoja mmoja, na njia hiyo ikampa He dhahabu. Binti aliyeonekana kwenye filamu ya kuwazomea majaji akaja kupoteza dhahabu kwa hesabu ambayo hakuna mtu ukumbini aliyeweza kuieleza kwa macho. Na Paris 2024, kwenye ile fainali ya sakafu, Mmarekani Jordan Chiles alipanda kutoka 13.666 hadi 13.766 baada ya kocha wake kuomba marejeo, akavikwa shaba. CAS ikaja kusema ombi lilifika dakika moja na sekunde nne baada ya alama kutangazwa, wakati mwisho ni dakika moja. Shaba ikaenda kwa Ana Bărbosu wa Romania mwenye 13.700, na Chiles akaipeleka kesi hadi mahakama kuu ya Uswisi. Sekunde nne, Mama Nasra. Mkanda wa sidiria umebadilisha umbo tu.

Swali la kugoma. Kwenye filamu, baada ya Mina kukatwa, Haley anaitwa mezani naye anaacha zamu yake makusudi. Anayefuata hivyo hivyo, mpaka Mina anabaki mshindi kwa kuwa ndiye pekee mwenye alama. Halafu kwenye kila kifaa wanachagua wenyewe nani ashinde. Kikanuni, jambo la kwanza linawezekana kabisa. Taa ya kijani ikiwaka una sekunde 30 za kuanza. Ukichelewa unakatwa, na zikifika 60 haki yako ya kucheza imekwisha. Hakuna anayekushika mkono. Ila kwenye fainali za dunia na Olimpiki wanaingia wanane tu kwa kila kifaa, wasiozidi wawili kutoka nchi moja, na nyuma yao kuna orodha ya akiba. Mgomo unavunjikia kwenye orodha hiyo. Olimpiki ya Tokyo, Biles alipojitoa kwenye fainali ya mruko, nafasi ilikwenda kwa MyKayla Skinner, ambaye alikuwa amekosa fainali kwa sababu ya kanuni ya wawili kwa nchi. Alichukua fedha. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na haki yake. Lakini uone: ukiacha zamu, yupo mtu mwenye njaa ya miaka kumi na mitano aliyevaa tayari.

Kilichowezekana ni mtu mmoja kukataa. Kule Tokyo, kwenye fainali ya timu, Biles aliruka mruko wa mizunguko miwili na nusu akajikuta hewani hajui juu wala chini, akazunguka moja na nusu, akatua kwa bahati. Akajitoa, akakaa benchi. Watu walimtukana sana. Ukilinganisha na Atlanta 1996, Kerri Strug alipopelekwa kuruka mara ya pili na kifundo cha mguu kilichoumia, akatua, akanyanyua mguu mmoja, akabebwa na kocha, dunia ikapiga makofi, utaona jambo kubwa limehama mahali kati ya miaka hiyo miwili.

Hapa naomba Nasra akanywe maji kidogo, aya hii ni yako wewe.

Filamu inachekesha kwa kuifanya klabu ya jimnastiki ya Houston kuwa jela: msichana amevunja vioo vya nyumba ya watu, hakimu anampeleka mazoezini badala ya kizuizini. Mwaka 2006 tulicheka. Wakati huo huo, daktari wa timu ya taifa ya Marekani alikuwa Larry Nassar. Waliomfichua walianza kusikika Septemba 2016. Januari 2018, zaidi ya wanawake na wasichana 150 walisimama mahakamani Michigan kueleza alivyowadhalilisha kingono, akahukumiwa miaka 40 hadi 175. Alifanya hayo miaka na miaka ndani ya mchezo ambao mtoto amefundishwa kukatwa alama kwa mkanda, asijibu, aseme asante, asalimie majaji kabla na baada. Usiposalimia unakatwa 0.30, sawasawa na nguo. Sisemi sheria ya nguo ilimleta yule mtu. Nasema mtoto aliyezoea kuona mwili wake unakaguliwa na watu wazima, na kunyamaza kwake kunaitwa nidhamu, atachelewa kujua ni lini ukaguzi umegeuka kuwa jambo jingine. Waandishi wa filamu walinusa moshi, hawakujua nyumba gani inaungua.

Kwa hiyo ukimtafutia Nasra klabu, usianze kuuliza medali. Uliza kama mzazi anaruhusiwa kukaa akatazama. Uliza mtoto akisema anaumia kinatokea nini, kisha siku moja ukae kimya pembeni uone kinachotokea kweli. Mkandaji au daktari asiwe peke yake na mtoto chumbani, hata kama ana jina kubwa. Hasa kama ana jina kubwa. Miaka kumi na moja ni umri wa kuchelewa kwa anayetaka Olimpiki, sitakudanganya, lakini kwa kupata mwili imara na moyo wa kuruka hakuna umri. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki yake ya nane kule Tokyo akiwa na miaka 46.

Mavazi: hapana, si lazima avae vile. Kanuni za FIG zinaruhusu vazi refu la kubana linalofunika miguu hadi kwenye kifundo, na limekuwa likiruhusiwa muda mrefu bila watu kulivaa. Aprili 2021, kwenye mashindano ya Ulaya Basel, Sarah Voss wa Ujerumani alipanda nalo, kisha wenzake Kim Bui na Elisabeth Seitz, na timu yao ikalivaa tena Tokyo. Hawakulivaa kwa sababu ya dini, walisema kila mwanamke aamue anachojisikia vizuri nacho. Kwa upande wetu Waislamu, Farah Ann Abdul Hadi wa Malaysia aliwahi kusemwa vibaya nchini kwao mwaka 2015 kwa leotadi yake baada ya kuchukua dhahabu, akaendelea kucheza mpaka Olimpiki. Nyote wawili, wewe na Nasra, mkae mzungumze. Mashindano ya shule kwa kawaida hayana ukali huo. Muulize mratibu mapema, kwa maandishi, ili siku yenyewe asije mtu na kitabu.

Na ule mkanda uliomliza, dawa yake iko kwa fundi cherehani. Mwambie ashone ndani ya bega la leotadi kipande cha utepe cha vidole viwili, upande mmoja kishikwe kwa uzi, upande mwingine kiwe na kifungo cha kubana. Mkanda wa sidiria unapita ndani yake, unabana kifungo, hauendi popote hata akipinduka mara tatu. Afadhali zaidi anunue sidiria ya michezo ya rangi ile ile ya vazi. Ajaribu nyumbani kwanza kwa kusimama kwa mikono ukutani, hapo ndipo mikanda yote hujitokeza.